Namba 163 Kwenye Ubao wa Nyimbo

Alhamisi, 28 Septemba 2006

Mvua tangu saa nane. Daftari hili lilikuwa la mwanafunzi wa darasa la nne aliyehamia Mahagi. Nimepasua kurasa zake mbili za kuzidisha, zote makosa, na sasa ni langu. Daftari langu la zamani nililichoma mwaka 2003, kwa sababu lilikuwa na majina ya watu na makabila yao, na siku zile jina kwenye karatasi liliweza kumwua mtu. Hili halitakuwa na kabila ndani. Nitaandika "upande wetu" na "upande wao", na anayeishi Bunia atajua.

Leo kampeni imefunguliwa. Tutachagua wadepite, wabunge wa jimbo, tarehe 29 mwezi ujao. Kufika saa sita hakukuwa tena na ukuta Bunia, kulikuwa na nyuso za makandida tu. Mmoja amebandikwa kwenye mlango wa choo cha shule, na anacheka.

Naandika kwa sababu naogopea korale yangu, kwaya ya kanisa. Ni sauti ishirini na mbili, bila kinanda. Kinanda kilienda na waporaji. Wakati wa vita upande wetu uliimba hapa, upande wao uliimba kwenye kambi ya wakimbizi, na hakuna aliyetaka kusikia sauti ya mwenzake. Kisha Jumapili moja mwaka jana Rébecca, soprano wetu wa zamani, akarudi toka Mahagi-Port alikokimbilia. Aliingia katikati ya wimbo, akasimama mahali pake karibu na mimi, akaimba. Sikumwuliza kitu, naye hakuniuliza. Wengine wa upande wao wakamfuata, wiki kwa wiki. Ikipasuka tena, mimi sitakuwa na nguvu ya kungoja mara ya pili.

Jumapili, 1 Oktoba

Nimecheka mpaka mbavu zinauma, na nilikuwa kanisani!

Pasta Josaphat alisema mapema: "Kanisa haina kandida. Anayetaka kampeni, barabara iko." Wote wakasema amina. Halafu ikafika saa ya wageni. Kwa desturi yetu mgeni anasimama, anasema jina na anapotoka, anasalimu, tunamwimbia na kumpungia mikono. Pasta akasema, "Wageni wasimame." Wakasimama kumi na moja, wote na suti.

Wa kwanza akasema, "Bwana asifiwe! Nawaachia Zaburi ya ishirini na tatu." Akakaa. Nikafikiri, mtu wa Mungu huyu. Wa pili akatuachia Zaburi ya tisini na moja. Wa tatu, ya arobaini na sita. Njo hapo tukaelewa: kila mmoja anatuachia namba yake ya karatasi ya kura! Mwenye 119 akaomba asome yake yote, na ile zaburi inaweza kumaliza mchana. Pasta akamwambia, "Keti, ndugu, tumeisikia."

Tuna makandida wawili wa paroisse, parokia yetu wenyewe, nao pia walisimama na wageni. Ambroise, mzee wa kanisa, inspekta wa shule, ni wa upande wetu, namba 121. Zaburi yake ni ile ya milima, kila mtu anaipenda. Lucien, shemasi, anayeuza samaki wa Tchomia, ni wa upande wao, namba 163. Maskini akasimama na sauti kubwa: "Nami nawaachia Zaburi ya mia moja na…" Akanyamaza. Zaburi zinaishia 150. Akasema tu, "Nawasalimu," akakaa, na hata Rébecca aliuma pindo la kikwembe chake asicheke.

Jumatatu, 2 Oktoba

Jua. Nimefua.

Alhamisi, 5 Oktoba

Ambroise alifika nyumbani saa kumi. Mume wangu Anselme alimpa kiti kizuri, kile chenye miguu minne. Tuliongea juu ya mvua, juu ya mahindi, juu ya watoto. Kwenye mlango akasema, "Mama Joséphine, korale bila kinanda ni aibu. Nikipita, mutapata kinanda." Halafu, kama mtu anayekumbuka kitu kidogo, akauliza ni nyimbo gani za Jumapili hii.

Nikamwambia sijapanga.

Jumapili, 8 Oktoba

Kwetu karibu na mimbari kuna ubao mweusi wa nyimbo, wenye vibao vidogo vya namba. Watu mia sita wanauangalia ibada nzima. Mimi ndiye ninaupanga kila Jumamosi, tangu miaka kumi na mbili.

Leo wimbo wa kwanza ulikuwa 121, wa shukrani ya mavuno. Ni majira yake, mahindi yameingia, nilikuwa nimeuandika kwenye liste yangu tangu Agosti. Lakini nilipoutangaza tu, nusu ya kanisa ikapiga makofi na vigelegele, na nusu ikakaa kama mawe. Ambroise aliinua mikono kama vile wimbo umetungwa na mama yake. Rébecca alifungua mdomo, lakini sikusikia sauti.

Baada ya ibada akaniuliza, "Mama Joséphine, ile namba, ju ya nini leo?"

"Ni mavuno," nikamwambia. "Weye haukuona mahindi?"

"Niliona," akasema. Akaenda bila kunipa mkono.

Jumatano, 11 Oktoba

Mazoezi. Wamekuja kumi na watatu wa upande wetu. Vital, besi wetu, fundi wa pikipiki, ndiye peke yake wa upande wao aliyefika, naye alikuja kurudisha kitabu.

Alhamisi, 12 Oktoba

Mvua. Mvua. Mvua.

Jumapili, 15 Oktoba

Siku mbaya.

Lucien alikuja kabla ya ibada na watu wanane, akaomba haki. "Muliimba 121. Leo mutuimbie 163."

Nikamwambia, "Papa Lucien, weye unajua 163 ni wimbo gani?"

"Wimbo ni wimbo."

Wimbo si wimbo! 163 ni "Safari imefika, tua mzigo". Tunauimba siku moja tu: maiti anapotoka nyumbani kwake kwenda makaburini. Hata watoto hawauchezei. Na korale ina sheria yake, ya kabla ya vita: ukisikia mwenzako ameanzisha 163 mahali popote, hauulizi ni nani. Unaacha ulichoshika, unakimbia kuongeza sauti yako. Lakini Lucien aliishi miaka mingi Tchomia, wanakotumia kitabu kingine cha nyimbo, akafikiri namfanyia ujanja. Akasema mbele ya watu wote, "Kwa wale kuna mavuno, kwa siye kuna kaburi. Tumesikia."

Nikajibu vibaya. Mdomo wangu huu! Nilisema, "Basi tafuta namba nyingine, ama ufe tukuimbie."

Yesu wangu. Nyuma kijana mmoja akasema, "Wameanza tena." Kwetu maneno hayo mawili yanafunga maduka. Pasta Josaphat akaingia katikati na mikono yake mirefu, akatuombea mpaka tukatulia, lakini wale wa korale wa upande wao walitoka mstarini mmoja mmoja, wakaenda kukaa benchi la nyuma. Rébecca alikuwa wa mwisho. Nilimwangalia. Hakuniangalia. Tumekula sombe, majani ya mihogo, sahani moja na huyu mwanamke! Kwa hasira siandiki zaidi.

Jumatatu, 16 Oktoba

Asubuhi nilimkuta Anselme amechuchumaa nyuma ya mlango. Alikuwa anapanga upya mufuko wetu wa kukimbia: sufuria, blanketi, vyeti vya watoto, chumvi. Tangu mwaka jana hakuna aliyeugusa. Akasema anafukuza panya. Nikasema ndiyo, panya wamezidi.

Ijumaa, 20 Oktoba

Mvua kidogo, jua kidogo, kama mtu asiyejua anataka nini.

Njia ya mwongo ni fupi, na daftari si mtu wa kudanganya. Tarehe 8 niliandika kwamba 121 ilikuwa kwenye liste tangu Agosti. Si kweli. Kwenye liste kulikuwa na 118, nao ni wa mavuno pia. Jumamosi ile nilisimama mbele ya ubao na kibao cha 8 mkononi. Nikafikiri kinanda, vibonye vyake vyeusi na vyeupe, na mimi nimekaa mbele yake na vidole vyangu. Nikarudisha 8 kwenye sanduku, nikachukua 2 na 1. Nikajiambia mavuno ni mavuno.

Kwa hiyo Rébecca aliuliza swali la kweli, na mimi nikamjibu kwa mahindi.

Nimemwambia Anselme. Alicheka kwanza, halafu akaacha kucheka. "Sasa nenda umwambie yeye," akasema. Nitaenda kesho.

Jumamosi, 21 Oktoba

Sikuenda. Mvua.

Jumapili, 22 Oktoba

Ubao mtupu. Pasta ameamuru: hakuna namba mpaka kura zipite. Tuliimba nyimbo za kichwani, sauti kumi na tatu, na besi hakuna. Wimbo bila besi ni nyumba bila sakafu. Ambroise akanipongeza hata hivyo. Sikumsikia vizuri, nilikuwa naangalia benchi la nyuma.

Jumatano, 25 Oktoba

Nitaandika yote, na kama nikicheka mwandiko utapinda.

Saa tatu na nusu nilikuwa darasani, mvua inapiga mabati, nafundisha majina ya mito. Mvua ikapungua. Njo nikasikia, kwa mbali, upande wa soko: "Safari imefika…" Pole pole, ule mwendo wenyewe. Na anayeanzisha ni Rébecca. Sauti ile hata usingizini naijua.

Chaki ilianguka. Nikafikiri kitu kimoja tu: mama yake. Bibi Monique ana miaka themanini na kifua kibaya. Rébecca anamzika mama yake na hakunitumia hata neno! Nikampa mwalimu wa jirani darasa langu, nikakimbia nyumbani. Kwenye kilio hauendi mikono mitupu. Sufuria kubwa iko wapi? Ndani ya mufuko wa kukimbia. Nikaumwaga wote chini, nikachukua sufuria, nikaweka maharagi ndani, nikatoka. Kwenye tope la karibu na mutaro kandambili moja ikabaki. Sikurudi kuichukua.

Kwa Rébecca nikamkuta Bibi Monique amekaa kwenye mkeka, anachambua mchele, mzima kabisa.

"Bibi! Haukufa?"

"Bado, binti yangu," akasema. "Ju ya nini, kuna haraka?"

Kabla sijajibu, megafoni ya gari ya Ambroise ikapita barabarani. Si yule mtangazaji wake wa "chagueni 121". Alikuwa Ambroise mwenyewe, analia: "Wandugu wa Bunia, kampeni yangu inasimama leo. Ndugu yetu Lucien ametutoka. Twende wote nyumbani kwake. Ametutoka!"

Nikageuka na sufuria yangu, nikakimbia tena. Mimi nilimwambia afe. Jumapili ile, mbele ya kanisa, kwa mdomo wangu.

Nilifika kwa Lucien na nusu ya Bunia. Parsele, kiwanja chake chote, ilijaa, watu na mikeka, watu na kuni. Mke wake, Mama Faida, alikuwa katikati anauliza kila mtu, "Lakini alitoka asubuhi, alikunywa chai, amekufa wapi?" Hakuna aliyejua, wote walilia tu, naye akaanza kulia na wao. Korale yangu yote ilikuwa pale tayari, wale kumi na watatu. Hakuna niliyemwita. Walisikia 163, wakakimbia: mmoja na unga mikononi, mmoja na ndevu nusu.

Ambroise akapanda kwenye kiti. Gunia la maharagi lilikuwa miguuni pake, na machozi yalikuwa ya kweli, mimi nilimfundisha binti yake na namjua anapoigiza. Akasema, "Lucien na mimi tulibatizwa siku moja, mto mmoja. Wakati wa vita alinitumia samaki kwa njia ya watu, kila wiki, na hakuna aliyejua, ju angeuawa. Nilikuwa nampinga, lakini nawaambia kweli: katika siye wote, yeye njo alistahili kiti. Kama angekuwa hai, ningempa kura yangu."

Na nyuma yetu, kwenye kijia, wimbo ukawa unafika. Mbele ni pikap, na juu yake picha kubwa ya Lucien imezungukwa maua. Nyuma ni watu na matawi mikononi, wamelowa, wanaimba 163. Tukaangua kilio. Halafu nikaona, kwenye pikap, kando ya picha ile, Lucien mwenyewe, mzima, shati limemshika mwilini, analia kuliko siye wote. Alikuwa amesikia kila neno.

Mama Faida alipiga kelele moja, akavua kiatu, akamkimbiza mume wake kuzunguka ile gari mara mbili.

Haya, mambo yalikuwa hivi. Lucien aliamua 163 yake iimbwe mjini, ili watu washike namba. Wale tisa wa benchi la nyuma walimwonya. Akasema waupige mbio, na ngoma, uwe wa furaha. Walitoka hivyo, wanacheza. Mbele ya soko mvua ikawakamata, ngozi za ngoma zikalowa, zikalegea, zikanyamaza. Wimbo bila ngoma ukarudi mwendo wake, hakuna aliyeweza kuuzuia. Na picha mbele, na matawi! Wanaume wakavua kofia, wakapelekeana habari mpaka kwa Ambroise: Lucien amekufa. Wauzaji wakafunika nyanya. Askari mmoja wa MONUC, wale wa Umoja wa Mataifa, akavua kofia yake ya chuma, akaishika kifuani, mvua inamnyeshea kichwa. Lucien yeye kwenye pikap, amefichwa na picha yake, alifikiri wanamheshimu, akawapungia.

Rébecca akashuka. Akaniona, na sufuria kichwani, mguu mmoja na kandambili, mguu mmoja na tope mpaka goti.

"Weye unafanya nini hapa?" akaniuliza. "Papa Lucien si wa upande wenu."

"Sikuja ju ya Lucien," nikasema. "Nilisikia sauti yako. Nilifikiri ni mama yako. Nimetoka kwako sasa hivi."

Akaangalia mguu wangu. Nikajua kama sisemi saa hii sitasema tena. Nikamwambia yote pale pale, kinanda, 118, kibao cha 8, mahindi. Nilikuwa nalia na sufuria bado iko kichwani.

"Minajua," akasema Rébecca. "Liste yako ya Agosti iko kwangu, weye njo ulinipa ninakili. Nilingoja tu uniambie."

Wiki mbili na nusu alingoja! Nilitaka kumpiga na kumkumbatia. Nikamkumbatia, maharagi yakamwagika mgongoni mwake. Chakula kikiwa kimeshafika hakirudi nyumbani, kwa hiyo tulipika na kula kilio cha mtu aliye hai, pande zote mbili, mpaka saa kumi na moja. Lucien alikaa karibu na Ambroise, akamwambia, "Sema tena ile ya kura." Ambroise akasema, "Nilisema kama ungekuwa hai. Sasa uko hai, acha nifikiri."

Alhamisi, 26 Oktoba

Sauti imekauka. Mazoezi, ishirini na mbili.

Jumapili, 29 Oktoba

Ibada saa kumi na moja na nusu asubuhi, fupi, ili watu wakachague. Ubao mtupu bado. Mstari ulikuwa mrefu mpaka barabara kubwa. Nilisimama masaa manne na Rébecca, tukishirikiana mwavuli mmoja na mihogo ya kuchoma. Karatasi ya kura ni pana kama kitambaa cha meza. Nimechagua, na sitaandika nani, hata hapa.

Jumapili, 19 Novemba

Matokeo yamefika. Ambroise ameanguka. Lucien ameanguka. Walioshinda hata hawakuwahi kutuachia zaburi. Hakuna maduka yaliyofungwa, hakuna aliyepiga mbio. Nimerudisha sufuria toka kwa Mama Faida, na Anselme akasema isirudi kwenye mufuko, iwekwe jikoni, tumechoka kupikia ndogo. Mufuko wenyewe ameutia mahindi.

Kinanda hakuna. Ambroise alikuja Jumamosi, nikipanga ubao, na Lucien nyuma yake. Nikafikiri wanakuja kunilaumu. Wakaomba kitu kimoja, wakisukumana kama watoto wa kipaimara: leo, kwa ruhusa ya Pasta, tuimbe 163.

"Tuzike kampeni," akasema Ambroise. "Ikae kaburini."

Basi nikaweka 118 juu, na chini yake 163, na kibao cha 8 nilikibusu kwanza. Watu walipouona ubao kanisa zima lilianza kucheka, Pasta Josaphat wa kwanza. Ambroise na Lucien walikuja mbele, wakasimama kwa besi karibu na Vital, wakajiimbia kilio chao wenyewe. Lucien hana sikio hata kidogo. Iliimbwa mbio, kwa kuwa ngoma zilikuwa kavu, na wamama walicheza mpaka mlangoni.

Halafu Pasta akafuta jasho akasema, kwa desturi, "Wageni wasimame."

Tukageuka kuangalia. Hakuna suti. Hakuna aliyesimama, hata mmoja. Pasta akangoja kidogo, akauliza tena.

Rébecca, karibu na mimi, akajibu kwa sauti ile ile ya kuanzisha wimbo, kanisa zima likamsikia:

"Pasta, hakuna mugeni leo. Siye wote ni wa hapa."